Presha ya mjini

Akianguka mtu ghafla hapa Mombasa akafa, barazani huzuka hoja mbili. Wazee husema maradhi ya moyo yamekuja na mafuta ya madukani na kukaa kitako, zamani hayakuwapo. Vijana hujibu kwamba yalikuwapo, ila wengi walikufa kwa malaria au kifua kikuu kabla hawajafika umri wa kuugua moyo, na vipimo havikuwapo.

Vijana wana haki kwa sehemu. Hata Marekani, vifo vya moyo vilipanda hadi kilele miaka ya 1960, na sababu mojawapo ni kuwa watu walikuwa wakiishi zaidi. Nyingine ni sigara.

Lakini vipimo vilikuwapo. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha matokeo ya kupima presha, ambayo ni chanzo kikubwa cha maradhi ya moyo, kwa watu wapatao 1,000 huku Kenya, upande wa Nyanza Kusini. Haikupanda kwa kadiri ya umri kama ya Wazungu. Waliovuka miaka 40 ilikuwa hata ikishuka. Kisha, mwaka 1990, watafiti waliowafuata Wajaluo waliohamia Nairobi walionyesha presha ikipanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi kuliko wa waliobaki kijijini, na madini ya potasiamu kidogo. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni maisha. Hapo nawaunga mkono wazee, ingawa mafuta peke yake nisingeyatwika lawama yote.

Tazama viazi karai vya jioni pale Mwembe Tayari. Unga wake una chumvi, ukwaju una chumvi, na mteja bado hunyunyiza nyingine kabla hajaonja. Nyumbani achari inamngoja.

Je, tutegemee tiba au kubadili mazoea? Marekani, kati ya 1980 na 2000, vifo vya moyo vilipungua sana, na watafiti walikadiria karibu nusu ilitokana na matibabu na karibu nusu na kupungua kwa sigara, presha na lehemu (kolesteroli). Kwa hiyo anayesema tujenge wodi za moyo hospitali ya Makadara hajakosea. Ila utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta takriban robo ya watu wazima Kenya wana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa kabisa. Wodi humpokea mtu akiwa ameshazidiwa. Mimi ningeanza na mashine za kupimia presha kwenye feri ya Likoni, wanakopita maelfu kila asubuhi, na nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa.