Kununua kompyuta ni mwanzo tu
Mwandishi mmoja, katika makala yenye bajeti ya kuwanunulia wanafunzi kompyuta, anadai kwamba kila mwanafunzi akishapewa kompyuta mpakato yake, shule inabaki na kazi ya kufundisha tu. Sikubaliani naye hata kidogo. Darasa la wanafunzi 40, kila chaja ikivuta wati 65, linahitaji wati 2,600 kwa pamoja. Ukizichomeka zote kwenye ekstensheni moja nyembamba, waya unapata moto na plagi inaweza kuyeyuka. Zichajiwe kwa zamu, 20 kwa 20, ndani ya kabati lenye matundu ya hewa, maana joto ndilo linalomaliza betri mapema. Halafu kuna tundu la chaja, bawaba na kioo: hivyo huharibika sana mikononi mwa watoto, na vipuri vyake havimo kwenye bajeti hiyo ya mwandishi. Shuleni kwenu, nani amekabidhiwa matengenezo?