Mbuzi wa Asilimia Kumi

Chainizi yangu yote imeliwa. Sisemi imeguswa, nasema imeliwa, matuta matatu, hadi vishina ambavyo hata kuku huvipita bila kugeuza shingo. Na mlaji nimemkuta palepale katikati ya kinyungu, bustani yangu ya bondeni, jani linaning'inia mdomoni, ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Beberu mweusi, hereni ya njano sikioni. Kitongoji kizima mbuzi mwenye hereni ni huyo mmoja, na anafugwa kwa mwenyekiti.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nimekula chumvi, nimekaa kwenye kamati, nikisimama mkutanoni watu huzima redio. Kwa hiyo sikumpiga. Nilimfunga kamba ya ndoo, nikavaa koti la kanisani, tukaongozana kwenda ofisini kistaarabu. Njiani vijana waliotoka kugema ulanzi wananisalimia, "Kamwene mzee! Unapeleka mahari?" Mama watoto akacheka kuliko wote, na chainizi ni yake pia.

Mtendaji hakuwepo. Yuko semina wilayani. Ukimkuta mtendaji ofisini, ujue kuna mchango. Kwa hiyo kesi ya mbuzi wa mwenyekiti ikabidi asikilize mwenyekiti.

Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Ndugu yangu, jambo hili ni zito. Mimi kama mwenyekiti sivumilii mifugo inayozurura." Akavua kofia, akainuka kwenye kiti, akahamia benchi la walalamikiwa. "Ila mimi kama mfugaji naomba nisikilizwe." Akarudi kitini, akavaa kofia. "Mlalamikiwa, una shahidi?" Akavua, akahamia benchi. "Ninaye, mheshimiwa, ila yuko machungani." Akarudi kitini akajikaripia kwa kukosa nidhamu ya ufugaji, tena kwa ukali, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Mbuzi tulikuwa tumemfunga kwenye mlingoti wa bendera. Anacheua. Anacheua nini? Chainizi yangu.

Nikasema sawa, baba, nilipwe. Hapo ndipo ilipotoka habari kwamba mbuzi si wake, ni wa kikundi. Amenunuliwa kwa ule mkopo wa halmashauri, asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. "Ukimshika huyu mbuzi," akasema, kofia kichwani, "umeshika maendeleo ya wananchi."

Nikauliza swali dogo la mwananchi. Kama mbuzi kagawanywa hivyo, meno ni ya kundi gani? Maana mimi sina shida na kwato, nawadai wenye meno. Akasema hilo ni la kisera. Nikauliza lingine. Wewe una miaka sitini na ushee, mwanamume, mzima wa afya, jana nimekuona umebeba mbao mbili begani. Kwenye kikundi upo kama nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye ni mlezi.

Mlezi! Basi leeni, jamani! Mlezi gani mtoto wake anakula kwa jirani?

Sauti yangu ilikuwa imepanda, nadhani, kwa sababu akafungua droo akatoa karatasi. Eti tukiwa tunaongelea sheria, tuziongelee zote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57: hakuna shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Na kinyungu changu kiko wapi? Sasa mtu wa Iringa unamuuliza kinyungu kiko wapi! Kinyungu kitakaa mlimani? Kinakaa bondeni kwenye unyevu, ndiyo maana kikaitwa kinyungu, baba yangu kalima hapo, na baba yake mwenyekiti kalima pale ng'ambo.

Tukateremka kupima. Utepe hakuna, kwa hiyo kwa hatua. Mimi nikapiga zangu, fupi fupi za mtu mwenye magoti, nikapata sabini na moja. Mwenyekiti akapiga zake akateleza kwenye tope, akapata arobaini na nane, na mtelezo wote kauhesabu hatua moja. Tukabishana na mto wenyewe unaanzia wapi, kwenye maji au kwenye matete. Mwezi wa kumi hapo hakuna hata maji ya kunawa. Tulipogeuka, mbuzi alikuwa ameshakata kamba, yuko kwenye figili. Nikamwonyesha mwenyekiti: huyo naye yuko ndani ya mita 60. Akasema sheria inasema shughuli za kibinadamu.

Nilikaa chini. Mwaka 1972 walikutana hapahapa Iringa wakatangaza Siasa ni Kilimo. Mwaka 2009 ikawa Kilimo Kwanza. Sasa ni BBT, ule mradi wa serikali wa kuwapeleka vijana shambani. Nimepiga makofi kote, na jembe langu ni lilelile, mpini tu ndio nimebadilisha. Katika matamko yote hayo hakuna aliyemtaja mbuzi. Mbolea ya ruzuku nilijiandikisha mapema, ujumbe ukaenda kwenye simu ya kijana wangu aliyeko Dar, ambaye halimi hata ua. Umeme umefika, nguzo iko mlangoni, na ninalipa kodi ya jengo kila nikinunua luku, jengo lenyewe upande mmoja ni turubai.

Ile chainizi ndiyo ingenifikisha kwenye viazi. Na viazi navyo usiniulize. Gunia kisheria lisizidi kilo 100, kila mtu anajua, mnunuzi anajua kuliko mimi, na bado anakuja na sindano ya kushonea na kipande cha gunia kingine analivika kilemba. Lumbesa hiyo inalipwa bei ya gunia moja. Mwaka huu kaja na kijana mmoja mrefu, kazi yake kupanda juu ya gunia na kurukaruka ili viazi vishuke, nafasi ipatikane. Nikauliza huyu mrukaji analipwa na nani. Nikaambiwa nisijali, inakatwa humohumo kwenye hela yangu.