Kichwa cha samaki kina thamani, lakini kwa nani?

Samaki akishatolewa minofu kiwandani, kinachobaki mara nyingi ni zaidi ya nusu ya uzito wake: kichwa, mifupa, ngozi na matumbo. Kwamba mabaki hayo yasimwagwe majini, ambako yakioza humaliza oksijeni, hakuna anayebisha. Ubishi unaanza tukiuliza yaende wapi.

Wapenzi wa teknolojia hutaja Aisilandi, na wana haki. Huko ngozi ya samaki imegeuzwa bandiko la kutibu majeraha, na mwaka 2023 Coloplast ya Denmark ilikubali kuinunua kampuni inayolitengeneza, Kerecis, kwa hadi dola bilioni 1.3. Kisichotajwa sana ni kwamba nchi hiyohiyo hukausha vichwa na mifupa kwa jotoardhi na kuviuza Nigeria, vikapikwe supu. Biashara hii haina mbwembwe, ila inashughulikia sehemu kubwa ya samaki kuliko ngozi, na inaishia kwenye sahani ya mtu.

Maganda ya kamba na kaa nayo yana sifa nyingi, kwa sababu ya kitosani, dutu inayotokana nayo na inayotumika kusafisha maji na kutengenezea dawa. Lakini tazama inavyopatikana. Maganda hulowekwa kwenye asidi ya hidrokloriki ili chokaa itoke, kisha kwenye sodiamu haidroksaidi, yaani alkali inayounguza, ili protini itoke, halafu huchemshwa tena kwenye sodiamu haidroksaidi kali zaidi. Kila hatua inataka kusuuzwa kwa maji mengi. Kiwanda kisicho na mtambo wa kusafisha majitaka kitakuwa kimebadilisha taka zinazooza kwa taka zinazounguza. Si hoja ya kuikataa kitosani. Ni hoja ya kuwaachia wenye uwezo.

Unga wa samaki ndio njia iliyozoeleka. Kwa mujibu wa FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2022 mabaki yalichangia asilimia 34 ya unga na asilimia 53 ya mafuta ya samaki duniani. Faida yake ni kubwa: samaki wadogo wanaovuliwa ili wasagwe tu wanapata nafuu. Kasoro ni kwamba unga wa mifupa mingi una majivu, yaani madini, mengi na protini kidogo. Tena, kiwanda cha lishe ya mifugo, kinachosaga unga huo, kinaponunua vichwa kwa tani, bei hupanda, na aliyekuwa akila vichwa kwa kukosa pesa za minofu anabaki mikono mitupu. Hapo sioni uendelevu wowote, hata kama hesabu za taka zimependeza.

Kwa hiyo ningeanza na kinacholiwa, kibaki kwa watu. Matumbo, yasiyo na mlaji, yasagwe na kuchanganywa na asidi ya fomiki, takriban asilimia 3 ya uzito, ndani ya pipa la plastiki, maana la chuma litaliwa na kutu. pH, kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya 4, bakteria wa kuozesha hushindwa, huku vimeng'enya vya matumbo yenyewe vikiyeyusha nyama hadi iwe uji. Ni lishe nzuri ya nguruwe na kuku. Tatizo ni uzito: uji huo kwa sehemu kubwa ni maji, na nauli inakula faida upesi. Kama mfugaji yuko mbali, afadhali kausha na usage unga.