Risasi "Zilizopotea"

Asubuhi moja, kwenye kituo cha mafuta pale Ntinda, kitongoji cha Kampala, nilimkuta askari wa kampuni ya ulinzi anasinzia kitini. Bunduki imelala mapajani, mtutu unatazama kijiwe cha bodaboda. Kijana mmoja akamwambia, "Afande, hiyo kitu geuza." Askari akafumbua jicho moja: "Usiogope, ssebo," yaani bwana.

Ingefyatuka ikamuua kijana yule, tungesema ni ajali au ukatili?

Wanaosema ajali wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2002, linasema ukatili ni kutumia nguvu kwa kukusudia. Na neno letu lenyewe lina katili ndani yake. Mtu aliyezidiwa na usingizi baada ya kukesha, mshahara kiduchu, mafunzo ya juujuu, utamwitaje katili? Ukimtia kapu moja na jambazi, mwajiri aliyemkabidhi bunduki anapita pembeni kimya.

Lakini hoja hiyo inamfaa aliyesinzia. Aliye macho ni habari nyingine. Sheria ya jinai ya Uganda haidai kwamba muuaji awe ametamani kifo: yatosha alijua kitendo chake kwa kiasi kikubwa kingeua, hata kama hakujali kingeua au la. Kwangu mimi, huko kutojali ndio ukatili.

Novemba 2020, Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alipokamatwa Luuka, mashariki mwa Uganda, ghasia zililipuka Kampala na miji mingine. Serikali ilikiri vifo 54, na Rais Museveni akasema baadhi ya waliokufa walipatwa na risasi zilizopotea. Neno hilo linanikera. Hupotea mbuzi, hupotea mtoto sokoni. Risasi ina aliyeifyatua, na katikati ya Kampala mchana, muuza ndizi yuko chini, fundi cherehani yuko ghorofani. Hakuna upande usio na mtu. Askari anayefyatua risasi za moto pale anajua.

Atajitetea kwamba mawe yalikuwa yanamjia na alikuwa na sekunde mbili za kuamua. Mahakama imsikilize, maana woga nao ni kweli. Ila kesi yenyewe lazima iwepo kwanza. Ajali huishia kwenye rambirambi na mchango wa mazishi. Ukatili hufunguliwa jalada, na humo ndimo mtu anaweza kuulizwa nani alitoa amri ya kubeba risasi za moto siku ile.