Wakili wa Makampuni Akikabidhiwa Rungu la Serikali

Mama yangu, huko Kayole, ana bahasha ya kaki anayoihifadhi chini ya godoro. Ndani mna stakabadhi ya dalali wa hisa ya mwaka 2008, wakati Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Dalali alifunga ofisi na pesa za mama hazikurudi. Kila anaposikia redioni kuna mkubwa mpya wa kusimamia masoko ya fedha, huuliza: "Huyo atakuwa upande wa nani?"

Nimelipima swali hilo kwa Jay Clayton. Alikuwa wakili wa kampuni ya Sullivan & Cromwell, New York, mtu wa mikataba mizito; alihusika hata Alibaba ilipouza hisa mwaka 2014 na kukusanya takriban dola bilioni 25. Mei 2017 akaapishwa kuongoza SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani.

Wanaomtetea wana hoja. Waraka wa kuuza hisa huwa na mamia ya kurasa, na aliyewahi kuuandika anajua hasara hufichwa ukurasa gani. Wala hakuwaogopa wakubwa: Septemba 2018 tume yake ilimshtaki Elon Musk kwa kudai mtandaoni kwamba amepata pesa za kuiondoa Tesla kwenye soko la hisa. Musk na Tesla wakatozwa dola milioni 20 kila mmoja, na Musk akaachia uenyekiti wa kampuni.

Lakini nenda kwenye jambo linalomgusa mama. Juni 2019, kwa kura 3 dhidi ya 1, tume ilipitisha kanuni ya kuwataka madalali wajali maslahi ya mteja kabla ya yao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikatafuta maana ya hayo "maslahi bora ya mteja", na kanuni yenyewe haiyafafanui. Watetezi wa wawekezaji wadogo walilalamika kwamba dalali hakufungwa kwa wajibu mzito kama ule wa mshauri wa uwekezaji. Sisemi Clayton alikusudia kuwabeba madalali. Nasema mtu aliyekaa miaka mingi upande mmoja wa meza huona masharti laini kuwa yanatosha, na huona hivyo kwa moyo safi kabisa.

Kuna na suala la kujitoa. Kwa miaka 2 alitakiwa kukaa kando ya mashauri mahususi ya mwajiri na wateja wake wa zamani. Kisheria tume ina nafasi 5 za makamishna. Zote zikiwa zimejazwa na mwenyekiti akijitoa, wanne waliobaki wanaweza kugawanyika wawili kwa wawili na shauri likakwama.

Mimi, mlango aliopitia kuingia haunisumbui. Unaonisumbua ni wa kutokea. Aliondoka Desemba 2020. Februari 2021 alikuwa tayari ametangazwa mjumbe wa bodi ya wakurugenzi ya Apollo, kampuni kubwa ya uwekezaji iliyo chini ya macho ya tume hiyohiyo. Miezi miwili!

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya, pale Upper Hill, itakapopata bosi mwingine, awe wakili au mhasibu, mkataba wake utaje atakaa muda gani kabla ya kuajiriwa na aliowasimamia. Na orodha ya wateja wake wa zamani itangazwe kabla hajaketi kitini, kwa Kiswahili, mama aisome mwenyewe.