Mkaja Uliodaiwa Saa Tisa Usiku

Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, lakini deki zilikuwapo. Mwenye nazo alinunua televisheni, akanunua deki, akakodi mikanda, na watoto wa mtaa mzima wakahamia dirishani kwake. Ndiyo maana harusi ya shemeji yangu mkubwa, dada wa mke wangu, iliyofungwa Korogwe mwaka 1993, imo kwenye mkanda wa VHS ingawa wakati ule hapakuwa na stesheni hata moja ya kuonyesha chochote. Deki ilitangulia kufa, baba mkwe akafuata. Mkanda ukabaki kabatini kwa mama mkwe, ndani ya mfuko wa rambo, pamoja na hati ya shamba.

Mama mkwe alipokuja Dar es Salaam kupimwa macho, alikuja na mkanda wake mkobani.

"Nikishapata miwani," akasema, "nataka nimwone mzee."

Mke wangu akaupeleka Kariakoo, wakauhamishia kwenye flashi. Tukaichomeka kwenye televisheni yetu ya ukutani, nayo ikatuandikia kwamba faili hilo haliwezi kuchezwa. Mke wangu akasema irudishwe kwa fundi aibadilishe. Ilikuwa kazi ya nauli ya daladala na soda ya kumpoza fundi. Lakini mimi nilikuwa nimengoja sababu ya namna hiyo kwa muda mrefu. Nilitaka kuwa na sinema nyumbani, na hakuna mke anayeweza kumkatalia mume kitu kinachofanywa kwa ajili ya mama yake mzazi.

Nikanunua Raspberry Pi 4. Kwa wasioijua, ni kompyuta kamili kwenye bodi ya ukubwa wa kadi ya benki, iliyotoka mwaka 2019. Haina kioo wala kibodi, na diski yake ni kadi ya microSD kama ya simu. Ukiiwekea programu ya Kodi inakuwa mtambo wa sinema: inafungua karibu kila aina ya video. Kodi yenyewe ilianza kama programu ya mashine ya michezo ya Xbox, ikiitwa XBMC, mpaka jina likabadilishwa mwaka 2014. Nilimweleza mama mkwe yote haya. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza bintiye kama mimi bado nina kazi.

Shida ya kwanza ilikuwa waya. Tundu za picha za Pi 4 ni HDMI zile ndogo kabisa, maikro. Kati yake na HDMI ya kawaida kuna nyingine inaitwa mini, na wauzaji wengi wa Kariakoo wanaamini mini na maikro ni mtu na pacha wake.

"Hii ndiyo yenyewe, bosi."

"Haiingii."

"Itaingia, bosi. Mpya huwa zinabana."

Nilipopata waya wa kweli na picha ikatokea, tulipiga makofi. Halafu pembeni juu ya kioo kikatokea kialama cha njano cha radi.

"Hiyo nayo ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Ni radi, mama. Inamaanisha umeme hautoshi."

Alitazama dirishani. Mbingu nyeupe, jua kali. Akavuta kanga yake mabegani. "Hiyo mashine umeinunua Sumbawanga?"

Radi ile ina maelezo ya kawaida kabisa. Pi 4 inataka chaja ya volti 5.1 na ampea 3, na volti zikishuka chini ya 4.63 hivi inakuonyesha alama. Mimi nilikuwa nimeiwekea chaja ya simu, yenye waya mrefu na mwembamba ambao nao unakula volti zake njiani. Juu ya hapo nilikuwa nimechomeka diski ya laptopu ya zamani, nimehamishia harusi humo, na diski nayo inakula kutoka mlemle. Basi kila shemeji alipotaka kutoka nje ya nyumba yao, amefunikwa shela, amezungukwa na mashangazi, diski ilizimika. Shemeji anarudi ndani. Tunaanza upya. Mama mkwe akasema hata siku yenyewe hakuchelewa hivi.

Chaja sahihi ikaiondoa radi. Ikaja mistari. Picha ya VHS ya huku kwetu ni ya mfumo wa PAL, kila picha inagawanywa nusu mbili zinazopokezana, nusu 50 kwa sekunde. Televisheni za chogo zilikuwa hazina tatizo nayo. Kwenye kioo bapa, nusu hizo zisipounganishwa vizuri, mtu akipunga mkono unamwona anaota meno ya kitana mwilini. Kwenye Kodi kuna mahali pa kurekebisha, nikarekebisha, na nikadai chai.

"Mbona hawasemi?" mama mkwe akauliza.

Kweli, hawakuwa wanasema. Midomo inakwenda, ngoma zinapigwa, kimya. Nikaongeza sauti ya televisheni mpaka 100. Kimya. Nikaiunganisha na sabufa yetu ya zamani, ile yenye kitufe cha kuzungusha, nikazungusha mpaka mwisho wake. Kimya kitupu. Nikampigia mpwa wangu anayesoma chuo Mbeya, ambaye ndiye aliyeniambia tangu mwanzo niwashe mpangilio wa kupitisha sauti ghafi bila kuifungua, eti ndiyo inayoleta mlio wa sinema.

"Hiyo ni kwa watu wenye amplifaya kubwa, anko," akasema. "Inayoweza kuifungua. Nyie mna nini?"

"Sabufa."

Alicheka mpaka salio likakata.

Wakati nahangaika na hilo, mke wangu alileta hoja ya maana kuliko zote. Mama atakaa hapa, sisi tutakuwa kazini, nani atamfungulia hizo menyu? Kwa hiyo, kwa maelekezo ya mpwa yuleyule, niliandika mistari michache kwenye faili la kuanzia, kwamba mashine ikiwaka tu, icheze harusi. Mama hana haja ya kujua chochote. Anabonyeza swichi ya ukutani, mzee anatokea. Hata televisheni isingehitaji rimoti, kwa sababu ndani ya waya wa HDMI kuna pini 19, na ile ya 13 ni ya kitu kinachoitwa CEC: vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kampuni imekipa jina lake, Samsung wanakiita Anynet+, LG SimpLink, lakini kazi ni moja. Kompyuta ikiamka inaiambia televisheni, nawe amka.

Jioni hiyo nikaingia kwenye menyu, nikazima ule mpangilio wa sauti ghafi, nikatoka, nikarudi kwenye harusi ili nisikie. Umeme ukakatika.

Tukangoja. Tukala kwa taa ya simu. Mama mkwe akasema joto limezidi chumbani, akatandikiwa godoro sebuleni na wajukuu wawili, mbele ya feni isiyozunguka. Miwani yake mpya akaiweka chini ya mto. Tukalala.

Kuna jambo moja kuhusu Raspberry Pi 4 ambalo mtu aliyeibuni alikuwa na sababu zake: haina betri ya saa. Ikizimwa, haijui muda mpaka iulize kwenye intaneti. Kwa hiyo umeme uliporudi, siwezi kuilaumu. Haikujua kwamba ni saa tisa usiku. Iliamka kwa uchangamfu, ikaisukuma televisheni kwa ile pini ya 13, ikatazama faili lake la kuanzia, ikakuta kuna harusi.

Vigelegele vya mashangazi wa Korogwe wa mwaka 1993, sauti 100, kupitia sabufa iliyozungushwa mpaka mwisho, vilitikisa vioo vya dirisha. Niliruka kitandani nikiamini paa limeondoka. Gizani nikashika nguo ya kwanza niliyoigusa, nikajifunga, nikatoka mbio. Nilipofika mlangoni mwa sebule ndipo nikaona kwa mwanga wa televisheni kwamba nimejifunga kanga ya mke wangu, imeandikwa NIMENYAMAZA SIYO MJINGA, na mbele yangu yuko mama mkwe.

Alikuwa ameketi wima kwenye godoro. Wajukuu wamelala fofofo, watoto wa siku hizi hata kiyama kitawakuta hivyo. Vigelegele vikakoma, na kutoka kona zote za sebule ikatoka sauti ya marehemu baba mkwe.

"Tulieni! Tulieni jamani niseme!"

Mama mkwe hakupiga kelele. Nilichomsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mumewe, ni hiki:

"Mimi siji, mzee. Nimekuja kupimwa macho tu. Na mahindi bado hayajavunwa."

"Mama," nikasema, "ni mashine."

"Mwache amalize."

Nilitaka kuzima. Lakini rimoti haikuonekana, na swichi ya ukutani iko nyuma ya kabati la televisheni, na kati yangu na kabati kuna godoro, na juu ya godoro kuna mama mkwe, nami nimevaa kanga moja. Mkwe haruki godoro la mkwewe, hata nyumba ikiwaka moto. Nikabaki nimesimama mlangoni, nimeshika pindo, namwita mke wangu, naye haisikii sauti yangu kwa sababu ya baba yake.

Nje nako mtaa ulikuwa umeamka. Kwanza nikasikia "Mwizi!" Halafu mtu mwingine, "Siyo mwizi, ni harusi!" Halafu wa tatu, kwa hasira, "Harusi ya nani saa hizi?" Geti likagongwa. Mke wangu akapita mbio kwenda kufungua kabla halijavunjwa, na akaingia mjumbe wa shina na tochi, nyuma yake kijana wa bajaji na panga, nyuma yake jirani wa duka, nyuma yake wengine ambao sijui hata wanaishi wapi. Tochi ilinimulika kichwani ikashuka taratibu, ikasoma kanga mpaka mwisho.

"Kuna usalama hapa?" mjumbe akauliza.

"Upo, mzee. Ni kompyuta."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha kile kidude kidogo nyuma ya televisheni. Alikitazama, akaitazama sabufa, akanitazama mimi. Nilijua hataamini.

"Shhh!" mama mkwe akawaambia watu wote. Kijana wa bajaji akashusha panga.

Kwenye kioo, baba mkwe, kijana kuliko nilivyowahi kumwona, suti ya kaki na kalamu mbili mfukoni, alikuwa anamuaga bintiye. Alisema ya kusema: mvumiliane, msisahau nyumbani. Halafu akamgeukia bwana harusi, mwanyumba wangu, ambaye siku hizi ana tumbo na gari, lakini siku ile alikuwa mwembamba kama wengine tulivyokuwa.

"Na wewe bwana. Mkaja wa mama yake bado. Na ndama mmoja bado. Lakini sisi siyo watu wa kudai madeni ukumbini. Nimesema tu, mbele ya watu, yasije yakasahauliwa."

Ukumbi wa 1993 ukacheka. Sebule yangu haikucheka. Mama mkwe alikuwa ameshachomoa miwani chini ya mto.

"Rudisha hapo," akaniambia.

Mke wangu akaipata rimoti chini ya mgongo wa mtoto. Akapunguza sauti, akarudisha. Mzee akadai tena. Mama mkwe akaomba arudishiwe mara nyingine, sasa amesogea karibu na kioo, kidole hewani, anahesabu: mkaja, ndama. Akamgeukia mjumbe.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

"Ndama wa mwaka ule angekuwa na vilembwe."

Mjumbe alikubali kwamba angekuwa navyo. Jirani wa duka akaanza kukokotoa kwa sauti, kila jike azae kila baada ya miaka miwili, mpaka mkewe akamvuta mkono. Watu waliondoka mmoja mmoja, wengine wakitaka kwanza kuona chakula kikigawiwa. Mimi nilikwenda kutafuta suruali.

Alfajiri, kabla hata chai haijachemka, mama mkwe alikuwa ameshika simu, ameiweka spika ili asikie vizuri.

"Shikamoo mama," mwanyumba akasema, na sauti ya usingizi.

"Marahaba baba. Mzee kaja usiku."

Kukawa kimya kidogo. "Mzee yupi, mama?"

"Mzee wangu. Kasema mkaja bado, na ndama bado."

"Kasema lini?"

"Saa tisa."

"Kamwambia nani?"

"Katuambia wote. Hata mjumbe wa hapa alikuwapo, muulize."

Simu ikakatika. Nilitaka nimpigie nimweleze habari za pini ya 13, lakini mke wangu alinizuia kwa macho. Chai haijapoa, ujumbe wa muamala ukaingia. Mama mkwe akavaa miwani, akausoma tarakimu kwa tarakimu, midomo ikitikisika, kisha akapiga tena.

"Huu ni mkaja, baba, Mungu akubariki," akamwambia. "Na ndama?"