Linux si zote sawa, jamani

Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, ina aina nyingi. Kinachonikera ni hawa washauri wa "Linux ni Linux, chukua yoyote". Anayeumia ni kijana wa Mwanga au Ujiji anayeunga bando kwenye simu ndipo airushie laptopu intaneti.

Chukua Debian, mojawapo ya aina hizo. Faili lake dogo la kusakinishia halifiki GB 1, kwa hiyo linaonekana nafuu. Kumbe ni mwanzo tu: ukitaka madirisha na menyu, mzigo uliobaki unashushwa usakinishaji ukiendelea, na bando likikata hapo unabaki na mashine isiyo huku wala kule. Tena kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023, faili rasmi hazikuwa na programu zisizo huria (zenye masharti ya watengenezaji) za kuendeshea vifaa, hivyo kadi nyingi za waifai zilikaa bubu. Utashushaje kitu cha kuwashia waifai bila waifai?

Linux Mint ni karibu GB 3. Nzito, nakubali. Lakini kivinjari kimo, LibreOffice, programu za kuandikia na mahesabu, imo, unaijaribu kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, na unaisakinisha bila intaneti kabisa. Mmoja akishusha, fleshi inazunguka mtaa mzima!

Halafu mtu anamwambia mwalimu anayetaka kuchapa mitihani tu aanze na Arch, aina nyingine ya Linux ambayo kuisakinisha ni skrini nyeusi na amri za kuandika kwa mkono. Huko ni kumkosea. Muulizeni kwanza ana bando kiasi gani na kompyuta ni ya kazi gani, ndipo mtaje jina.